Askofu Aliyekaa Siku Tatu na Wanavijiji

Tangu milima ya Umatengo yenye mashamba ya kahawa hadi mwambao wa Ziwa Nyasa, kule Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, hakuna kitabu cha Maandiko Matakatifu kinachozungumzwa kwa hofu na kwa hamu kama Kitabu cha Ufunuo. Mzee huuliza juu ya hesabu ya yule mnyama. Kijana huuliza kama vita asikiazo redioni ndizo zile tarumbeta. Mama mwenye watoto huuliza kama kuna faida ya kupanda miche ya mibuni, itakayozaa baada ya miaka mitatu, hali mhubiri aliyepita juzi amesema kwamba mwisho hautachelewa hata mwaka mmoja. Wa kwanza kuulizwa si padre, kwa maana padre ana vigango vingi. Ni mwalimu wa dini wa kijiji. Naye ajibu nini?

Jambo hili si geni katika ziwa letu. Mwaka 1908, ng'ambo ya pili, huko Bandawe katika nchi ya Watonga, alirudi kutoka Afrika Kusini kijana mmoja jina lake Elliot Kamwana. Alikuwa amesoma katika shule za misioni ya Livingstonia, na baadaye akayapokea mafundisho ya chama cha Watch Tower. Alihubiri kwamba mwezi Oktoba 1914 Kristu angekuja, na utawala wa wageni pamoja na kodi zake ungekoma. Maelfu ya watu walibatizwa naye kwa muda wa miezi michache tu. Mwaka 1909 serikali ya Waingereza ilimwondoa katika nchi yake. Mwaka 1914 ulipofika, ufalme ule haukuonekana, ilionekana vita. Mnamo Agosti mwaka huo meli ya Waingereza, Guendolen, ilivuka ziwa ikaishambulia kwa ghafula meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen.

Ni rahisi kuwacheka waliomsadiki Kamwana. Lakini kodi ya nyumba iliwaelemea kweli kweli, na hamu yao ya kuona haki ilikuwa hamu njema. Tena, mwenye kucheka hakumgeuza mtu ye yote. Kwa hiyo leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya Mwafrika mmoja wa zamani sana, ambaye alikutana na jambo hili hili katika vijiji vya kando ya ziwa, naye hakucheka wala hakukemea. Ni Mtakatifu Dionisi, Askofu wa Aleksandria katika Misri, ambaye watu wa kale walimpa jina la Mkuu.

Dionisi alizaliwa yapata mwaka 200 katika jamaa ya wapagani wenye mali na cheo. Tangu ujana wake alipenda mno kusoma, na ni kwa njia ya kusoma na kupima aliyoyasoma kwamba aliifikia imani. Akawa mwanafunzi wa Origene, mwalimu aliyesifika kuliko wote wa wakati ule, na baadaye akakabidhiwa kuiongoza shule ya dini ya Aleksandria. Hakuacha kuvisoma hata vitabu vya wazushi. Padre mmoja alimwonya kwamba angeichafua roho yake. Dionisi aliona onyo lile kuwa la haki, lakini alisimulia kwamba alipewa njozi iliyomtia moyo asome kila kimfikiacho mkononi, kwa kuwa alikuwa na uwezo wa kupambanua kila neno. Basi akaendelea. Mwaka 247 au 248 alichaguliwa kuwa askofu wa mji ule mkubwa.

Hakupata raha. Mwaka 249 watu wa mji waliwainukia Wakristu, wakapora nyumba zao, wakawaua wengi. Mmojawapo ni bikira mzee Apolonia, aliyevunjwa meno kabla ya kufa motoni. Mwaka uliofuata Kaisari Decius aliamuru watu wote waitolee miungu sadaka. Siku ile ile liwali wa Misri alimtuma askari amtafute askofu. Askari akapekua njia, mito na mashamba, asifikiri hata kidogo kwamba mtu anayewindwa angeweza kukaa nyumbani kwake. Na kumbe Dionisi alikuwa nyumbani siku zote nne, akingoja.

Siku ya nne alitoka pamoja na watu wake, na jua lilipokuwa linatua wakakamatwa na kupelekwa katika mji mdogo wa Taposiri. Mmoja wa jamaa yake, Timotheo, hakuwapo. Aliporudi na kuikuta nyumba tupu inalindwa na askari, alikimbia kama mtu aliyepotewa na akili. Njiani akakutana na mkulima aliyekuwa anakwenda arusini. Mkulima aliposikia habari ile, akaingia arusini akaitangaza. Na wageni wote waliokuwa wameketi karamuni wakasimama kwa pamoja, wakakimbia kwa kelele mpaka Taposiri. Askari wakatoroka. Dionisi, aliyekuwa amelala na nguo moja tu mwilini, alidhani wamekuja wanyang'anyi, akaanza kuwapa nguo yake. Walipomwambia ainuke waende, akalia akiwasihi wamwache, au wamkate kichwa wao wenyewe wawatangulie wauaji. Hawakumsikiliza. Walimkamata mikono na miguu, wakamtoa nje, wakampandisha punda na kumpeleka mbali. Ndivyo askofu mwenye elimu nyingi alivyookolewa na wanavijiji waliotoka kunywa pombe ya arusi, naye mwenyewe aliyaandika hayo yote bila kuona haya.

Mateso yalipotulia, ilizuka shida nyingine. Wengi walikuwa wametoa sadaka kwa woga, nao sasa walitaka kurudi. Wako waliosema kwamba wasipokelewe kamwe. Dionisi alisimama upande wa huruma. Mwaka 257, katika utawala wa Kaisari Valerianus, alikamatwa tena akafukuzwa mpaka Kefro, kijiji cha ukingoni mwa jangwa la Libya. Wenyeji wa huko walimpokea kwa mawe. Lakini kabla hajahamishiwa mahali pengine, baadhi yao walikwisha kuziacha sanamu zao. Alirudi Aleksandria baada ya mwaka 260, Kaisari Gallienus alipowapa Wakristu amani, akaikuta vita ya wenyewe kwa wenyewe, na baada ya vita tauni. Aliandika jinsi Wakristu walivyowauguza wagonjwa na kuwazika wafu mpaka wao wenyewe wakafa.

Tumeyaeleza hayo ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani aliyekwenda Arsinoe. Hakuwa mwalimu wa mezani aliyewahurumia wajinga kutoka mbali. Alikuwa ameonja kisasi cha wafalme, na kama kungekuwa na mtu mwenye haki ya kuitamani siku ambayo maadui wa Kanisa wangeangushwa kwa radi, ni yeye.

Wilaya ya Arsinoe ipo mbali kusini ya Aleksandria, upande wa magharibi wa mto Nile, katika bonde lenye ziwa na mashamba mazuri. Huko alikuwapo askofu mmoja, Nepos, aliyewafundisha watu kwamba ahadi za Mungu katika Maandiko zichukuliwe kama zilivyoandikwa, na kwamba itakuja miaka elfu moja ya raha ya mwili papa hapa duniani. Aliandika kitabu cha kuwapinga wale waliozifasiri ahadi hizo kwa mafumbo, akakitegemeza hasa juu ya Kitabu cha Ufunuo. Nepos akafa, lakini kitabu chake kikaendelea kuishi. Walimu wengine wakakipa heshima kuliko Injili na nyaraka za Mitume, wakiwaahidia watu siri kubwa iliyofichwa. Vijiji vizima vikajitenga na Kanisa.

Askofu wa Aleksandria angeweza kupeleka barua ya kuwafungia nje, na shauri likaisha. Badala yake alisafiri mwenyewe. Akawaita mapadre na walimu wa vijiji, pamoja na ndugu wo wote waliotaka kuja, akawaomba lile jambo lijadiliwe mbele ya watu wote. Wao wakamletea kitabu cha Nepos kama ngao na ukuta usiobomoka. Akaketi nao siku tatu mfululizo, tangu alfajiri mpaka jioni, wakikipitia kitabu kile sehemu kwa sehemu.

Katika habari aliyoiandika baadaye, Dionisi hasemi sana juu ya hoja zake. Anawasifu wale waliokuwa wanabishana naye. Alistaajabia uthabiti wao, upendo wao wa kweli na wepesi wao wa kuelewa. Walipanga maswali kwa utaratibu. Kila upande ulieleza mashaka yake na mambo uliyoyakubali. Walikatazana kushikilia neno kwa ukaidi kwa sababu tu walilisema jana. Hawakukwepa hoja ngumu, wala hawakuona aibu kugeuza mawazo yao walipoona sababu ya kufanya hivyo. Mwisho wa siku ya tatu kiongozi wao, Korakion, akakiri mbele ya ndugu wote kwamba ameshawishika, na kwamba hatayafundisha tena mafundisho yale. Wengine waliokuwapo wakafurahia mkutano ule na mapatano yaliyotokea.

Na Nepos je? Alikuwa marehemu, hakuweza kujitetea. Dionisi aliandika kwamba alimpenda kwa imani yake, kwa bidii yake, kwa jinsi alivyoyasoma Maandiko, na kwa zile nyimbo alizotunga ambazo ndugu wengi waliendelea kuziimba kwa furaha. Alimheshimu zaidi kwa kuwa ametangulia mbele ya Mungu. Lakini kweli ni mpenzi mkubwa zaidi, kwa hiyo alimkosoa waziwazi.

Baada ya mkutano ule Dionisi alitunga vitabu viwili juu ya ahadi za Mungu. Katika kimojawapo alifanya kazi ambayo wataalamu mpaka leo wanaistaajabia: alikiweka Kitabu cha Ufunuo kando ya Injili ya Yohane na waraka wake wa kwanza, akaupima usemi wake. Aliona kwamba Injili na waraka huanza kwa namna moja na kurudia maneno yale yale: uzima, nuru, kweli, neema, furaha, upendo, lakini Ufunuo una maneno yake mwenyewe. Aliona kwamba mwandishi wa Injili hajitaji jina, hali yule wa Ufunuo anajitaja mara kwa mara. Tena Kigiriki cha Injili ni sanifu, na kile cha Ufunuo kina makosa ya sarufi na misemo ya kigeni. Akahitimu kwamba aliyeandika Ufunuo ni mtu mtakatifu aitwaye Yohane, ila si yule Mtume. Akakumbusha kwamba Wakristu wengi huwapa watoto wao majina ya Petro na Paulo, na vivyo hivyo akina Yohane walikuwa wengi. Hata Efeso palionyeshwa makaburi mawili, kila moja likiitwa la Yohane. Kitabu cha ubatizo cha parokia yo yote ya Mbinga kitamshuhudia katika neno hilo.

Palikuwapo watu kabla yake waliotaka kukitupa Kitabu cha Ufunuo kabisa, wakidai kwamba ni kazi ya mzushi Kerinto. Dionisi alikataa. Ndugu wengi wanakipenda, alisema kwa maana hiyo, nami sithubutu kukitupa. Yale nisiyoyaelewa siyahukumu, bali nadhani yamo mambo ya juu kuliko akili yangu. Wala hakuyataja makosa ya sarufi kwa dhihaka.

Wataalamu waliofuata wamekwenda mbele zaidi. Mwaka 1920 R. H. Charles alieleza kwamba mwandishi yule aliandika Kigiriki hali akifikiri kwa Kiebrania. Jambo hilo si gumu kwetu. Mzee wa Kimatengo au wa Kinyasa asemapo Kiswahili, mara nyingi maneno ni ya Kiswahili na mpango wa sentensi ni wa kwao. Wala hatusemi kwamba hana ufasaha, kwa maana watu huacha kazi zao kumsikiliza. Katika siku zetu Elisabeth Schüssler Fiorenza mwaka 1985, na David deSilva mwaka 2009, wameandika vitabu vinavyochungua jinsi Ufunuo unavyovuta mioyo ya wasikilizaji wake.

Na kweli unavuta. Kwanza, uliandikwa usomwe kwa sauti kanisani, ndiyo maana unambariki asomaye na wale wasikiao. Pili, huanza na barua kwa makanisa saba ya Asia, na mengi kati ya hayo yapata sifa na karipio pia. Msikilizaji hawezi kusema kwamba anasemwa jirani. Tatu, huweka picha mbili mbili mbele ya macho: mnyama mwenye nguvu na Mwanakondoo aliyechinjwa, mwanamke aliyevaa zambarau na bibi arusi mwenye kitani safi. Hautoi hoja ndefu. Hutufanya tuchukie kimoja na kupenda kingine, na kuchagua. Nne, huvua mapambo ya wakubwa. Uonyeshapo wafanya biashara wanaolia juu ya Babeli, huorodhesha shehena zao: dhahabu, hariri, pembe za ndovu, ngano, farasi, na mwisho kabisa, roho za wanadamu. Ziwa letu, lililovukwa na misafara ya watumwa iliyokuwa ikielekea Kilwa, halihitaji kuelezwa orodha hiyo.

Hapo ndipo twaona kosa la Nepos lilikuwa wapi. Hakukosea kukipenda kitabu. Alichukua miaka elfu moja, ambayo imetajwa katika aya chache za sura ya ishirini, akaifanya kuwa kalenda na karamu. Mtu asomaye hivyo, na afike sura ya ishirini na moja, palipoandikwa kwamba katika nchi mpya hakuna bahari. Je, mvuvi wa Mbamba Bay alie kwa kuwa atakosa mbasa na dagaa? Sivyo. Katika kitabu kile bahari ni mahali atokapo mnyama. Kwisha kwake ni kwisha kwa uovu. Na neno kubwa zaidi ni hili: Ufunuo hauwaahidi waaminifu kwamba upanga hautawakata. Unawaambia kwamba waliokatwa ndio walioshinda, kama Mwanakondoo alivyoshinda. Kitabu hicho hutaka saburi, nayo saburi hufanya kazi leo.

Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwingine, alifundisha baadaye kwamba miaka ile elfu ni wakati huu wa Kanisa. Kwa sababu ya mashaka juu ya mwandishi, Wakristu wengi wa Mashariki walisitasita muda mrefu kukipokea kitabu chenyewe; lakini mwaka 367 Mtakatifu Atanasi, aliyekuwa na kiti kile kile cha Aleksandria, alikiandika katika orodha ya Maandiko, na Mtaguso wa Trento ukathibitisha hivyo mwaka 1546. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yakataa kila fundisho linaloahidi ufalme wa Masiha utakaotimizwa ndani ya historia hii ya dunia. Basi, kitabu kilibaki, na kalenda ya Nepos ikaondoka. Nayo yalikuwa mapenzi ya Dionisi.

Mwaka 264 alialikwa Antiokia kuamua neno la Askofu Paulo wa Samosata, aliyepotoka katika imani juu ya Kristu. Hakuweza kwenda kwa uzee na udhaifu, akapeleka barua. Hakukawia akafa, mwaka ule au uliofuata. Vitabu vyake karibu vyote vimepotea. Tunazo sehemu tu, zilizohifadhiwa hasa na Eusebio, mwandishi wa historia ya Kanisa.

Wasomaji wapenzi, yatupasa kujiuliza tunafanya nini wahubiri wa hesabu za miaka wanapofika vijijini mwetu, au wanapoingia nyumbani kwa njia ya redio na simu ya mkononi. Wengine wetu hukemea, wengine hucheka, walio wengi hunyamaza. Na mtu anayeogopa, akikemewa huficha hofu yake; akichekwa huipeleka kwa mwingine atakayemsikiliza. Waliokwenda kwa Nepos walikuwa Wakristu wenye kiu. Waliokwenda kwa Kamwana walikuwa na mzigo mabegani. Walimwendea aliyewafungulia kitabu, kwa kuwa wengine walikuwa wamekiacha kimefungwa.

Kwa hiyo twawaomba wazazi wakisome Kitabu cha Ufunuo nyumbani, tangu zile barua saba, wala si kurukia hesabu ya mnyama. Twawaomba mapadre wawape walimu wa dini wa vigangoni muda, hata siku tatu kwa mwaka, wa kuketi pamoja na kuuliza yote waliyoulizwa. Mwalimu asiyejua neno fulani na aseme kwamba halijui, kama Dionisi alivyosema, haitampunguzia heshima. Na akija mtu aliyekwisha kupotoshwa, tutafute kwanza lile jema lililo kwake, hata kama ni nyimbo zake tu.

Na yule mama aliyeuliza juu ya miche ya kahawa, tumjibu waziwazi: apande. Kristu atakuja, nasi twaungama hivyo kila Dominika katika Kanuni ya Imani. Lakini siku hakumwambia mtu. Akija mapema, atamkuta mama huyu shambani akifanya wajibu wake. Asipokuja mapema, watoto watapata karo.